Nyuzi Tano za Ziada

Mashine ya kukunja nondo, dukani Mwembe Tayari,
ina bei ya ng'ombe wawili, nami sina hata mbuzi.
Nikaizunguka mara tatu, mikono nyuma.
Muuzaji akaniuliza, "Wanunua au watufu?"
Nikacheka, nikatoka. Nilichokitaka nilishakiiba:
wapi chuma hushikwa, wapi chuma husukumwa.

Shimanzi, kwa wauza vyuma chakavu,
nikapimiwa kwa kilo beringi ya lori,
grisi imekauka, imeshiba mchanga wa safari zisizo zangu.
Boliti mbili, nene kama vidole gumba vya hamali.
Na bomba? Bomba nilikuwa nalo nyumbani,
la mfereji wa uani, halijatoa tone
tangu Mbwana anaota meno; sasa anaota ndevu.
Nikalikata. Saumu akanitazama, asiseme kitu,
kisha akasema: "Na siku maji yakirudi?"

Nikachimba baina ya jiko na banda la kuku,
nikasimamisha ekseli, nikaimwagia zege,
siku tatu nikifukuza kuku wasiitie nyayo.
Wakaitia. Zimo hadi leo.
Juu ya ekseli bamba, juu ya bamba boliti:
moja ya kuzuia, moja imevaa beringi kama pete.
Umeme ulikatika katikati ya kulehemu.
Kovu la usiku ule lipo, lina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili.

Mteja wa kwanza, Kadzo wa mahamri.
Alitaka dirisha lenye maua ya asumini,
akayachora kwa mkaa mgongoni mwa pakiti ya unga.
Nikamwambia, "Hii si asumini, Kadzo. Hii ni pweza."
"Basi nifanyie pweza. Mwizi ataogopa zaidi."

Nondo ya kwanza nikaikunja nyuzi tisini barabara.
Nikaachia bomba, ikarudi,
taratibu, kama mtu aliyekubali mbele za watu
akabadili nia alipofika mlangoni kwake.
Nikakunja tena. Ikarudi tena.
Mbwana, mpwa wangu, ameegemea ukuta na simu yake,
hata macho hakuinua:
"Mjomba, ipitishe. Peleka tisini na tano, ijirudie yenyewe."
Nani kamfunza? Hakuna. Alikuwa akitazama.

Hapo nikamkumbuka baba, karani wa bandarini,
kalamu mbili mfukoni, shati jeupe hata Jumapili,
alivyonikunja niwe karani:
tisini kamili, kila jioni, kwa hesabu na bakora.
Hakupitisha hata nyuzi moja. Alikuwa mtu wa vipimo.
"Samaki mkunje angali mbichi," akisema,
na mimi nikitazama vidole vyangu, nikitafuta magamba.

Nondo ya nne ilikatika.
Pembe kali, chuma baridi, haraka yangu.
Kipande kikaruka, kikatoboa sufuria ya wali
(hiyo nimeilipa, na bado nailipa).

Baadaye tukawasha mkaa, tukaupepea kwa kifuniko cha ndoo,
chuma kikawa chekundu, kikawa mtiifu kuliko sote pale uani.
Mbwana akashika bomba. Nikamwachia.

Magharibi pweza wanne walikuwa wameegemea ukuta,
mikono thelathini na miwili, hakuna miwili iliyolingana,
na chumvi ya hewa imeshaanza kuwaonja.
Nikanawa kwa maji ya ndoo, ya kununua.

Asubuhi, natoka kutia beringi grisi,
bomba limehamishwa:
limelazwa kutoka ekseli hadi dirishani,
leso ya Saumu imeanikwa juu yake, inachuruzika.
Jina lake nimelisoma nusu: NIKUNJE
na nusu ya pili imekunjikia upande wa ukutani,
nami nina grisi mikononi.